Kopo la Kwacha la Mama Frida

Mpangaji mpya akihamia kwenye ua wetu alikuwa hamalizi wiki bila kuniuliza. Anasikia jirani yangu anaitwa mama Frida, anawaangalia watoto wote wanaocheza pale karibu na madumu ya maji, anawahesabu, halafu ananisogelea na sauti ya chini.

"Samahani mama Emanueli. Huyo Frida ni yupi?"

Namjibu kwamba Frida yuko Isongole, huko Ileje, kwa bibi yake. Wengi wanaitikia tu "aa" na kuendelea na shughuli zao. Lakini mama Frida mwenyewe, kama yuko karibu, nilikuwa namwona anainamisha kichwa na kuanza kupanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jina lake hasa ni Yunisi. Hapa Tunduma vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, akikohoa nasikia, na mwanangu Emanueli akilia usiku yeye ndiye wa kwanza kuuliza asubuhi kama tumbo limetulia. Mumewe Tuntufye ni kuli, anashusha na kupakia mizigo kwenye malori yanayopanga foleni kwenda mpakani. Yunisi anauza nyanya na vitunguu kwenye meza mbele ya geti letu.

Frida alipelekwa kwa mama yake Tuntufye akiwa na miaka miwili. Yunisi alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, Alinanuswe, na alitapika mpaka akawa anatembea kwa kushika ukuta. Walisema mtoto akae kwa bibi miezi mitatu. Alinanuswe akazaliwa, chumba kikabaki kile kile kimoja, meza ya nyanya ikataka mtu kila siku, na ile miezi mitatu ikawa miaka mitatu.

Krismasi ya mwaka juzi walikwenda Isongole kumwona. Yunisi alinisimulia waliporudi, tukiwa tunaanua nguo. Alisema walipofika, Frida alitoka ndani mbio, akasimama, akawaangalia. Akarudi ndani. Akatoka na kiti kile cha mgongo ambacho bibi yake humwekea mchungaji na wageni wa heshima. Akakifuta vumbi kwa gauni lake, akakiweka mbele ya mama yake, akapiga goti.

"Shikamoo. Karibu ukae."

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nikakaa. Ningefanyaje, mama Emanueli. Mtoto wangu kanikaribisha kama mgeni." Shati alilokuwa analikunja alikuwa ameshalikunja mara tatu.

Siku ya kuondoka, mama mkwe wake, bibi Tukuswiga, alimwita pembeni akamwambia wazi. Mwaka mmoja mbele Frida anaanza darasa la kwanza. "Akianza huku, atamalizia huku. Mtoto si ndoo ya kuhamishwa hamishwa. Mkipata chumba cha pili kabla shule haijafungua, na nikaona kwa macho yangu kwamba kwenu watu wanakula wakashiba, nitamleta mwenyewe. Mkishindwa, mniachie, na tusisumbuane tena."

Kwa hiyo ulikuwa mwaka mmoja. Chumba cha pili kilikuwepo, kile cha kona, mpangaji wake alikuwa anahama Desemba. Ila mwenye nyumba wetu anataka kodi ya miezi sita mkononi, na kuli na muuza nyanya hawana mahali pa kuongeza kipato kwa siku moja. Yunisi aliniambia hivyo hivyo: "Kuongeza siwezi. Kupunguza naweza."

Mimi nilidhani atanunua daftari. Hakununua. Januari nzima alichofanya ni kutundika kiroba nyuma ya mlango, na kila kitu kilichokwisha ndani ya nyumba, pakiti yake au chupa yake au karatasi yake aliitupia humo. Mwisho wa mwezi akaniita. Akakimwaga chote juu ya mkeka, akaanza kutenganisha. Pakiti za chumvi na majani ya chai huku. Sabuni huku. Lile fungu la tatu likawa linakua tu: pakiti za biskuti, chupa za juisi za watoto, vikopo vya mafuta ya kupaka, karatasi za pipi, pakiti za bisi. Vyote vya upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia.

"Niambie," akasema, "ni lini uliniona naaga kwamba naenda Nakonde kununua biskuti?"

Sikukumbuka hata siku moja. Alikuwa akiaga kwenda kununua sukari.

Kwa asiyejua kwetu nieleze. Kuvuka Zambia kwa sisi watu wa Tunduma si safari. Ni kwa miguu, ni kama kwenda kwa jirani kuomba moto. Vitu vingine kule ni nafuu, sukari, sabuni, kwa hiyo mwanamke akipata shilingi kidogo anabadilisha kwacha, anavuka, anauliza "shinga?", ndivyo wanavyouliza bei kwa Kibemba, ananunua sukari yake. Zinabaki kwacha chache. Sasa hizo ndizo zinazotumaliza. Wale wabadilisha fedha wanazipokea kwa bei ya kukuumiza, na kurudi nazo nyumbani unaona kama kurudi na karatasi. Basi unasema, aa, zimalizie hapa hapa. Unachukua biskuti, unachukua juisi ya mtoto, unarudi mikono imejaa na moyo mweupe kwamba umebana matumizi. Wote tunafanya hivyo. Hatujawahi kuziita hela, tunaziita zilizobaki.

Yunisi akazirudisha zile pakiti kwenye kiroba. Kesho yake akachukua kopo tupu la maziwa, akaliosha, akaliweka kwenye rafu karibu na kopo la chumvi. Akaweka sharti: kuvuka ni mara moja kwa mwezi, na kwacha ikibaki inarudi nyumbani, inalala koponi mpaka safari inayofuata. Isibadilishwe wala isimaliziwe.

Tuntufye aliuita mwaka ule mwaka wa jeshi. Alikuwa amezoea chai na chapati mbili kila asubuhi kwa mama ntilie kule kwenye malori. Yunisi akamnunulia chupa ya chai ya mtumba, akawa anamwekea uji na viazi vitamu vya kuchemsha. Jioni ya siku ya kwanza nilimsikia kupitia ukuta.

"Wamenicheka leo. Wananiita mwanafunzi wa chekechea. Wameniuliza kama nimebeba na leso."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia mwalimu wangu mkali."

"Uji ulibaki?"

"Haukubaki. Yule aliyenicheka zaidi ndiye kaumaliza."

Mimi nikasema nami naanza. Nikatafuta kopo, nikaweka sharti kama lake. Nilifika Aprili. Nikavuka kununua sukari, zikabaki kwacha kidogo, nikaona kofia ya sufu ya bluu yenye masikio, na Emanueli wangu wakati huo kichwa kilikuwa kama cha ndege, na baridi ya Juni ilikuwa inakuja. Nikarudi na kofia. Yunisi aliitazama, akamvalisha Emanueli mwenyewe, akamfunga kamba chini ya kidevu.

"Imempendeza," akasema, na mimi kopo langu nikalifanya la kuwekea vifungo.

Yeye hakurudi nyuma. Mavuno yalipotoka alipanda gari asubuhi mpaka Mlowo, akanunua mahindi kwa wakulima yakiwa bado bei ya chini, magunia matatu. Sisi wengine tulikuwa tunanunua unga kilo kilo mwaka mzima. Magunia hayakuwa na pa kukaa, wakainua kitanda kwa matofali, wakayasukuma chini yake, wakashusha pazia la kitenge mbele. Tuntufye akawa anasema yeye ndiye tajiri pekee Tunduma anayelala juu ya ghala.

Halafu akaja na ule mtindo wa maharage. Mkaa ndio uliokuwa unamla, maana maharage ya kwetu yanataka jiko nusu ya siku. Akatafuta boksi kubwa, akalijaza vipande vya blanketi kuukuu. Asubuhi anachemsha maharage kidogo tu, yakitokota vizuri anafunika sufuria, anaizamisha ndani ya boksi, anazungushia blanketi na kuweka mto juu. Anazima jiko, mkaa uliobaki anauhifadhi. Mchana ukifungua, yameiva yenyewe, mvuke unatoka. Boksi lilikaa kitandani, maana chini hapakuwa na nafasi. Mara ya kwanza nililikuta limefunikwa shuka, nikanyata, nikidhani Alinanuswe amelala.

Lakini jirani mwingine, mama Shadrack, yeye macho yake yanaona jiko tu. Akaona kwa mama Frida jiko linawaka saa moja asubuhi, likizimwa halionekani tena mpaka jioni. Akaona pia watoto wa ua wote wana pipi, Alinanuswe ana kipande cha muwa. Akasema pale kwenye maji, Yunisi akiwepo:

"Wenzetu wengine siku hizi wanapika kwa macho."

"Karibu uonje," Yunisi akamjibu, akabeba ndoo yake.

Mama Shadrack ananunua maharage kwa wachuuzi wanaotoka Ileje. Maneno yakapanda gari pamoja na magunia matupu yakafika Isongole. Na yalipofika yalikuwa yameshanenepa: nyumba ya Tuntufye haiwashi moto, mwanamke anaficha hela, mtoto anakula miwa kama mbuzi.

Oktoba, siku ya Jumanne, mchana, nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha Emanueli. Nikamwona mama mmoja mrefu anaingia getini na mkungu wa ndizi kichwani na mfuko wa karanga mkononi. Nilimjua kabla hajasema, maana uso ni wa Tuntufye. Nikainuka kumpokea mzigo, nikamwamkia. Akaitikia, lakini macho yake yalishafika kwenye jiko la Yunisi. Akaliinamia, akatia kidole kwenye majivu. Yalikuwa ya baridi.

Yunisi akatoka ndani. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi Tukuswiga hakukaa. "Mama Frida, saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa saba inakaribia, mama."

"Saa saba. Kwetu saa saba nyumba isiyotoka moshi kuna msiba au kuna njaa. Hapa sijaona turubai la msiba." Akavuta pumzi. "Niliambiwa nikakataa. Nikasema siwezi kumhukumu mkwe wangu kwa maneno ya wachuuzi, nitakwenda nione. Sasa nimeona. Frida haji kwenye majivu baridi. Nilikuambia tangu Krismasi."

Nilimtazama Yunisi. Miezi kumi ilikuwa imesimama pale, uji wa chupa, magunia, viazi, vyote. Mimi ningelia. Yeye alisimama, akaenda kuchukua beseni na jagi la maji.

"Nawa mikono kwanza mama, umetoka mbali. Mama Emanueli, nawe karibu."

Tukaingia. Kwenye kitanda boksi lilikuwa limefunikwa mto. Yunisi akaondoa mto, akafungua blanketi, tabaka la kwanza, la pili. Bibi akawa anatazama kama anayeona mtu anamvua nguo mtoto mchanga. Sufuria ikatoka, mfuniko ukafunguliwa, na mvuke wa maharage na karanga ukajaa chumba kizima. Boksi dogo la pembeni likatoa ugali uliosongwa asubuhi, bado unachoma vidole.

"Mnalaza sufuria kitandani," bibi akasema.

"Ndiyo mama. Inaivia usingizini."

Bibi hakucheka. Akala. Alikula taratibu, akatafuna, akajiongeza mara mbili. Alipomaliza akasema, "Ya leo nimeyala. Labda leo ndiyo siku yenu ya kula. Ya kesho yako wapi?"

Yunisi akainua pazia la kitenge. Bibi akainama, akatazama chini ya kitanda. Gunia moja lilikuwa zima na la pili lilikuwa nusu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mahindi kiganjani, akayanusa aone kama yana wadudu. Hayakuwa nao.

"Na chumba?"

"Mwenye nyumba nimeshampa ya miezi minne. Imebaki miwili, na mwaka bado una miezi miwili. Ufunguo nitaupata Desemba."

Bibi akarudisha mahindi guniani. Mimi nikafikiri yameisha, lakini bado alikuwa amekaza uso, na nilimwelewa kidogo. Miaka minne amelala na yule mtoto mgongoni. Kuona chakula na kumtoa mtoto ni mambo mawili. Akanyoosha mkono kwenye ndizi alizoleta, akasema tuchemshe chache za jioni, akainuka mwenyewe kutafuta chumvi kwenye rafu. Akashika kopo, akafungua.

Haikuwa chumvi. Akatoa noti moja, akaigeuza. Akatikisa kopo, sarafu zikalia.

"Hizi ni kwacha za Zambia. Za nani?"

"Zinazobaki, mama. Nikivuka kununua vitu."

"Zinabaki, halafu?"

"Narudi nazo. Nikivuka tena naanzia nazo hizo."

"Hununui hata andazi la njiani?"

"Sinunui."

Bibi Tukuswiga akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kopo mapajani. Isongole, niwaambie, nako ni mpakani, wao wanavuka mto kwenda Malawi kwa soko kama sisi tunavyovuka Zambia. Nako kuna kwacha, ingawa si hizi. Akaanza kutikisa kichwa polepole, na mara ya kwanza tangu ameingia, nikaona meno yake.

"Mimi nina miaka sitini na kitu," akasema. "Tangu msichana navuka kule. Sijawahi, sikiliza, sijawahi kurudi na kwacha nyumbani. Zikibaki nanunua maandazi. Najiambia ni ya Frida. Natenga yangu na yake. Njiani nakula yangu. Nikifika mtoni naonja na yake."

"Mama," Yunisi akasema, na akaziba mdomo.

"Akipata moja ana bahati. Muulize." Akalifunika kopo, akalirudisha pale pale lilipokuwa, karibu na chumvi, akalisukuma ndani kidogo lisije likaanguka. "Mtu anayeweza kurudi na hizi hajakosa cha kula. Huyo anajua anachokitaka. Mie nilidhani unamtaka mtoto kwa sababu ya maneno ya watu."

"Namtaka aache kuniletea kiti, mama."

Bibi akageuka kumtazama. Nadhani hakuwa amejua kwamba kile kiti kilimwingia mtu hivyo. Akasema, "Ukipata ufunguo, nitumie ujumbe."

Tuntufye aliporudi jioni alimkuta mama yake amewasha jiko mwenyewe, anachemsha ndizi, huku anamfundisha Alinanuswe kumsalimu kwa Kindali, lugha ya kwao Isongole. Mama Shadrack alipita na ndoo yake mara mbili. Mara ya pili bibi akamwita, "Karibu mwanangu, uonje," na akaonja, akasema ziko vizuri.

Asubuhi ya kuondoka lilikuja lile jambo nililokuwa naliogopa tangu jana yake. Kwetu mgeni aliyekuja na mzigo harudi mikono mitupu. Mtu wa mjini anatoa sukari, sabuni, mkate, na Yunisi mwezi ule alikuwa ameshavuka. Alishika kopo, nikaona anataka kuvunja sharti, na ningekuwa mimi ningeshalivunja. Bibi akalitoa mikononi mwake, akalirudisha kwenye rafu.

"Nipe boksi," akasema.

"Boksi lipi, mama?"

"Hilo la kulazia maharage. Wewe utapata jingine. Kuni za Isongole siku hizi naziokota mpaka mlimani, na magoti yangu hayataki."

Akaondoka na boksi kichwani, vipande vya blanketi vikining'inia, hadi kwenye gari. Kondakta akamwuliza amebeba nini, nikamsikia anajibu, "Jiko."

Novemba nyanya zilikuwa mbaya, mvua za kwanza ziliziozesha mezani, na Yunisi alilala siku mbili anageukageuka, nilisikia kitanda. Lakini Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, kodi ya miezi sita ilitimia, akapewa ufunguo wa chumba cha kona. Alikipaka chokaa mwenyewe, na siku alipopaka alinipa brashi nami nikapaka ukuta mmoja, Emanueli akiwa mgongoni na kofia yake ya masikio. Mwezi ule hakununua kitu kipya hata kimoja cha mle chumbani isipokuwa godoro dogo, na hilo alilifuata Nakonde. Aliondoka na kopo, akarudi na kopo tupu na godoro kichwani.

Walifika Jumapili moja kabla ya shule kufungua, mwezi wa kwanza mwaka huu. Bibi mbele, Frida nyuma yake kashika ncha ya kanga ya bibi, begi mgongoni, miguu mirefu kuliko nilivyodhani. Watoto wa uani wakaacha kucheza. Mmoja akauliza kwa sauti, "Ndiye Frida?" na mwenzake akamwambia, "Ndiye."

Yunisi hakumkimbilia. Alikuwa ananawa mikono yenye unga, akaifuta kwenye kanga, akasema kawaida tu, kama mtoto aliyetoka dukani, "Frida, viti viko mle ndani kwa kona. Lete."

Frida akaachia kanga ya bibi yake. Akaingia chumba cha kona, akakaa mle kidogo, nadhani aliona godoro. Akatoka na kiti kimoja tu. Akasimama nacho katikati ya ua, akamtazama mama yake, akamtazama bibi. Kisha akakifuta kwa gauni, akakiweka mbele ya bibi Tukuswiga, akapiga goti.

"Karibu bibi, ukae."

Yeye mwenyewe akaenda kuchuchumaa karibu na jiko, pembeni ya mama yake, akaanza kuuliza boksi la maharage la hapa linalala wapi.

Bibi alikitazama kiti. Halafu akakaa, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Haya," akasema. "Sasa mgeni ni mimi."